Ukipanda Amani, Beba Chakula

Utingo wa basi la Muheza kwenda Amani ana ushauri mmoja kwa kila mgeni mwenye begi la mgongoni: nunua mkate, nunua maji, nunua ndizi, huko juu usitegemee kitu. Anausema kwa nia njema kabisa. Vijana wanaopandisha machungwa kwenye madirisha ya basi humuunga mkono haraka, maana ushauri wake ndio biashara yao. Mimi niliyezaliwa huko juu, kwenye nyumba za watumishi, huwa nanyamaza. Zamani tulikuwa tukiambiwa kinyume. Tukirudi kutoka Tanga mjini, mama alitukataza kula Muheza. Msiharibu njaa, alisema, chakula kipo mlimani.

Mpwa wangu anatembeza wageni msituni. Mwaka jana aliniomba nimsaidie kutengeneza karatasi moja ya kuwapa wageni wake, yenye vichwa vitatu: cha kuona, pa kula, pa kununua. Alijua nimewahi kufundisha shule na kwamba mwandiko wangu unasomeka. Tulikaa kibarazani kwake, juu ya Sigi, mvua nyembamba ikianza na kukatika kama ilivyo desturi ya Usambara Mashariki.

Cha kuona hakikutusumbua. Pale Sigi, chini ya mlima, ipo nyumba ya kituo cha reli ya Wajerumani. Reli yenyewe, ile nyembamba, ilichepuka Tengeni kutoka njia kuu ya Tanga ikaja hadi hapo kufuata mbao. Njia imeng'olewa siku nyingi, lakini nyumba imekarabatiwa na ndiyo inayopokea wageni wa hifadhi. Juu, kwenye mita zipatazo 900, ipo bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1902 pamoja na taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliijenga ili wajue ni mmea gani utawalipa katika koloni lao. Walileta mpira, kafuri, mikwinini na miti mingine kutoka karibu kila pembe ya dunia yenye joto. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, magome ya mikwinini ya Amani yakatumika kutengenezea dawa ya malaria ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Watoto tuliyatafuna kwa kushindana nani atakunja uso wa mwisho.

Tukaandika kilele cha Mbomole, ambako asubuhi isiyo na ukungu unaona tambarare yote ya Bonde chini yako. Tukaandika mbega, kima, hondohondo wanaopiga kelele kama watu waliodhulumiwa, na vindege vidogo ambavyo Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuja kufanya kazi Amani mwaka 1928, alivifuatilia kwa miaka mingi, na kimoja kikapewa jina lake. Tukaandika lile ua la zambarau linaloota kwenye mawe yenye unyevu. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani nzima. Muheza sijawahi kuliona likiuzwa.

Upande mmoja wa karatasi ukajaa. Mpwa wangu akageuza.

"Mjomba, hapa pa kula tuandike nini?"

Angekuwa ananiuliza mwaka 1978, ningeomba karatasi ya pili.

Safari ya chakula ilianzia Muheza, ingawa mama alikataza. Karibu na soko palikuwa na hoteli ya Mwarabu mmoja mwenye mkate wa mofa na maharage ya nazi, na chai ya maziwa aliyoimimina kutoka juu sana, kikombe chini kiunoni, bila kumwaga hata tone. Machungwa hatukuyahesabu kuwa chakula; Muheza machungwa ni kama maji. Kisha lori, kwa sababu mara nyingi lilikuwa lori na si basi, liliingia Kisiwani na kusimama lipoze injini kabla ya kuanza kupanda. Dereva akitafuta maji ya rejeta, abiria walitafuta mihogo ya kuchoma. Akina mama waliikata katikati wakaipaka chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu. Pembeni palikuwa na bibi wa mafenesi, panga lake amelipaka mafuta ya nazi utomvu usinase, na aliyekuwa hana senti kabisa alipewa kokwa akachemshe nyumbani.

Juu ndiko kulikokuwa na hoteli yenyewe. Hoteli kwa maana yetu, ya kula, si ya kulala: banda la mbao lenye mabenchi manne karibu na uwanja wa mpira, moshi ukitokea popote ulipopata tundu. Ilikuwa ya mama mkubwa wangu. Haikuwa na jina wala ubao. Watu walisema tu "kwa mama", na Amani nzima ilijua ni mama yupi.

Nitaeleza bada yake, ugali wa muhogo, kwa sababu nimeitafuta kwingine kote mkoani na bado naidai. Muhogo uliokatwa makopa ukaanikwa ukakauka sawasawa, ukatwangwa, unga ukachekechwa mara mbili. Anayesonga bada lazima awe na mkono wenye nguvu, maana inavuta. Ikiiva inang'aa na kubadilika rangi kuelekea kahawia, na ukiifinya haikubandiki vidole. Kando yake ng'onda, samaki mkavu aliyepandishwa kutoka pwani akiwa amefungwa kwenye ukili, akarowekwa usiku kucha kupunguza chumvi, kisha akapikwa kwa tui zito. Nazi nazo zilitoka chini, kwetu minazi haikubali. Kila wiki palikuwa na mtu wa kuzibeba. Na mchunga. Mchunga mama mkubwa aliuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, ila si yote, uchungu kidogo alitaka ubaki. Alisema mboga isiyo na uchungu kabisa ni majani tu.

Chai yake ilikuwa ya mlima mzima. Majani ya chai ni yale ya vumbi kutoka kiwanda cha Kwamkoro, iliki kutoka shamba la jirani aliyelipa deni lake kwa iliki, na gamba la mdalasini alilobandua mwenyewe nyuma ya banda. Miaka ya sukari kuadimika tulikunywa kwa sukari guru, na wapo waliobaki nayo hata sukari iliporudi.

Nikimweleza mpwa wangu haya yote aliniuliza swali la kibiashara, kama kijana wa siku hizi: wateja walitoka wapi? Kwa hiyo ikabidi nimpe historia, ambayo kwenye karatasi ya wageni haikuwa na kichwa.

Wateja wa kwanza walikuwa watu wa malaria. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakachukuliwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki. Baba yangu alikuwa mhudumu wa maabara humo. Taasisi ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kwenye mabenchi yale manne ungemkuta Mganda, Mkenya na Msambaa wakibishana mpira, na Mzungu mmoja au wawili waliokwisha kuzoea kula kwa mkono. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wale wenzetu wakafunga mizigo. Baadaye taasisi ikawa chini ya taifa, na kidogo kidogo kazi ikashushwa Muheza, kwenye umeme wa uhakika na barabara. Majengo ya juu yakabaki na watu wachache waliofagia na kufunga madirisha jioni.

Hoteli haikufa hapo, kwa sababu walikuja watu wa magogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Finland, uvunaji wa mbao kwa mashine uliingia katika misitu yetu, na magogo yakawa yanateremka kwenda kiwandani Tanga. Mvule. Mtambara, ule mti mrefu ulionyooka ambao watu watatu wakishikana mikono hawauzunguki. Madereva na wapasuaji walikuwa na fedha, na mtu aliyeshinda na msumeno anataka nyama. Mama mkubwa akaongeza benchi mbili. Siku ya mshahara alichinja mbuzi, na supu ilikuwa imekwisha kabla jua halijachomoza vizuri. Hiyo ndiyo hoteli ninayoikumbuka kwa utamu zaidi, na nimelazimika kukubali kwamba pilau lile lilipikwa kwa fedha za mitambara. Siwezi kulilia sufuria nikajifanya sikuona kuni.

Katikati ya miaka ya 1980 uvunaji ule ukasimamishwa, baada ya kelele nyingi za wanasayansi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuhifadhi misitu ya Usambara Mashariki, nao kwa msaada wa Finland. Nchi iliyotuletea misumeno ikatuletea mabango ya kukataza misumeno. Sina kinyongo, mwenye kukosea akalipia ni nadra. Ila waliokuwa wakila kwa mama hawakuwa sehemu ya mradi wa kwanza wala wa pili, na hakuna aliyeandika popote kwamba baada ya magogo kusimama kulikuwa na mtu mwenye benchi sita na wateja wawili.

Mapengo yaliyoachwa na magogo yalijazwa na maesopsis, mti ulioletwa na watu wa misitu, unaokua haraka na kusambazwa na hondohondo. Wageni huupiga picha wakidhani ni msitu wa tangu dunia kuumbwa. Mpwa wangu huwarekebisha kwa upole.

Mwaka 1997 hifadhi ikatangazwa, ya kwanza ya mazingira asilia Tanzania, hekta zipatazo 8,380. Mama mkubwa alikuwa bado anapika, sasa kwa ajili ya wachuma chai wanaokula kwa daftari hadi mwisho wa mwezi. Daftari lilimzidi. Alifunga banda kimyakimya, akapika nyumbani kwa miaka iliyobaki, na sisi tuliokuwa tumehamia mjini tulipata habari kwa kupita tu, kama mtu anavyosikia kwamba kituo fulani cha basi kimehamishwa.

"Sawa," mpwa wangu akasema, kalamu bado haijagusa karatasi. "Tuache pa kula kwanza. Pa kununua?"

Hapo pia palikuwa pagumu kwa namna yake, kwa sababu mlima huu haujawahi kukosa kitu cha kuuza. Umekosa mahali pa kuuzia mtu aliyesimama mbele yako. Mbao zilishuka. Chai ya Kwamkoro, Monga na Bulwa inashuka kwenye magunia. Mbegu za msambu, zile zenye mafuta ambazo zamani bibi zetu walizikamua kwa kupikia, siku hizi zina wanunuzi wa viwanda vya nje, nazo hukusanywa na kushuka. Hata maji: mto Zigi unaanzia kwenye misitu hii na ndio unaojaza bwawa la Mabayani, kwa hiyo mimi niishiye Tanga nakunywa Amani kila siku, na bili naletewa nyumbani.

Duka tulikuwa nalo, la nyuma ya uwanja, lenye mafuta ya taa, sabuni ya mche, kaniki, khanga chache na peremende za mti. Mwaka 1983 rafu zilibaki na chumvi na viberiti, na sabuni ikawa habari ya kunong'onezana. Lakini hata wakati huo iliki ilikuwepo. Iliki ndiyo iliyoezeka mabati Amani, si mshahara. Ilipandwa chini ya kivuli cha msitu, miti mikubwa ikiachwa na vichaka vikifyekwa, na msimu ulipofika kila uwanja ulikuwa na mkeka wa iliki na mtoto mwenye fimbo ya kufukuzia kuku. Mnunuzi alikuja na mizani yake. Mizani hiyo haikupendwa na mtu, lakini alilipa taslimu, na jioni hiyo hata mlevi alikula nyama.

Tatizo la iliki ni kwamba baada ya miaka kadhaa ardhi inachoka na mkulima anasogea mbele, na mbele ni msitu. Kwa hiyo miaka ya 2000 Derema, ukanda unaounganisha misitu ya hifadhi na ile ya kaskazini, ukafungwa. Wakulima walihesabiwa mashina yao ya iliki, wakalipwa fidia, na wengine wakapewa ardhi chini kwenye tambarare ya lililokuwa shamba la mkonge. Iliki haioti kwenye shamba la mkonge. Nilifundisha mtoto wa mmoja wao. Baba yake alifungua genge Muheza akiuza viungo vya pakiti, iliki ikiwemo, asijue imetoka wapi.

Na vipepeo. Hapa ndipo mpwa wangu alipoweka kalamu chini, kwa sababu hili amelishuhudia mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza mradi wa kufuga vipepeo, na kule Fanusi ukipita ukawa unaona vizimba vya neti kando ya nyumba kama vyandarua vilivyosahaulika nje. Wafugaji, wengi wao akina mama, walipanda majani yanayoliwa na viwavi wa kila aina, wakakusanya mayai, wakalisha, na pupa zilipokuwa tayari zikafungwa kwenye pamba na kukimbizwa hadi uwanja wa ndege ili zifike Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka. Ilikuwa biashara ya saa. Mtu aliyechelewesha boksi siku mbili alikuwa anasafirisha mbawa zilizojikunja. Lakini ililipa ada za shule, na sehemu ya fedha ilirudi kwenye maendeleo ya kijiji. Na tofauti na iliki, ililazimisha watu kuupenda msitu, maana kipepeo jike wa kuanzia alikamatwa humo humo.

Pia ilileta wageni waliotaka kuona. Na mgeni anayengoja mwenye vizimba amalize kulisha viwavi anapata njaa. Kwa miaka michache pale kati palianza kuchangamka: vitumbua asubuhi, chai, mama mmoja aliyekuwa akikaanga ndizi, mwingine aliyefunga mdalasini na pilipili manga kwenye vikaratasi vya madaftari na kuviuza vinne vinne. Mpwa wangu anaikumbuka miaka hiyo kama mimi ninavyoikumbuka hoteli ya mama mkubwa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Sababu kubwa zilikuwa za kweli, twiga na nyani si vitu vya kuchezea, lakini katazo lilipoandikwa halikutenganisha twiga na pupa ya kipepeo. Vizimba vikatoboka. Mama wa vitumbua alirudi shambani.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaandika chini ya pa kununua: "Mdalasini, pilipili manga, karafuu, iliki: uliza majumbani." Nikamwambia hiyo si anwani. Akaniambia ndiyo pekee iliyopo, na kwamba mgeni akiuliza nyumba tatu atapata mbili.

Wageni wapo, tusidanganyane. Lami ya kutoka Muheza inajengwa vipande vipande, na kila kipande kinapomalizika gari zinaongezeka. Tanga tuna mzaha wetu wa siku nyingi, waja leo waondoka leo, tunaomtania nao mgeni anayedai atakaa siku moja tu. Wageni wa Amani wanautimiza kama amri. Land Cruiser inapanda saa tatu asubuhi, watu wanashuka na viatu vizito, wanatembea njia ya saa mbili, wanapiga picha mbega, wanakaa kwenye gogo na kufungua maboksi. Ndani ya boksi kuna paja la kuku, yai la kuchemsha, keki iliyofungwa kwa plastiki, juisi na ndizi moja. Nimewahi kuiona hiyo ndizi, imesafiri kuliko mimi. Chini ya gogo walilokalia ipo migomba ya wenyewe. Saa tisa wameshashuka kuwahi mapango ya Amboni, au kulala Pangani ambako kuna bahari na samaki wa kuchoma.

Siwalaumu. Nani apande mlima na njaa kwa kutumaini nyumba asizozijua? Nyumba za wageni za juu hupikia wanaolala, ukiwa umetoa taarifa. Lakini mgeni wa siku moja, na sisi tunaorudi kwetu kama wageni wa siku moja, hatuna benchi.

Kuna banda moja, mpwa wangu alikumbuka. Limefunguliwa na binti wa miaka kama ishirini na mbili kwenye njia panda, pikipiki zinaposubiri abiria. Tukaenda. Banda la mabati mapya, kabati la kioo lenye taa ya sola, chipsi ndani yake zikiwa zimepoa kidogo. Alitupokea vizuri, "Shikamoo baba, karibuni," akafuta meza. Viazi vimetoka Lushoto. Mafuta ya dumu. Sosi ya chupa. Chai nikaagiza kwa hamu, na ikaja maji ya moto na kifuko cha chai chenye uzi, kimefungwa mjini, ilhali kutoka pale alipo, upepo ukigeuka, unasikia harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani.

"Iliki huna, mwanangu?"

"Iliki ipo nyumbani, baba. Wateja wanataka hii ya uzi, wanaona ni safi."

Chipsi mayai zake ni nzuri, nisimdhulumu. Yai limeiva bila kuungua na kachumbari ina ndimu ya kutosha. Vijana wa pikipiki wanakula hapo mara mbili kwa siku, na hao ndio wateja wake. Yeye amefanya hesabu ambayo mama mkubwa alishindwa, hakopeshi. Kuna kibao kidogo kinachosema hivyo, bila tabasamu.

Nikamuuliza kama anajua kusonga bada. Akacheka, akaniambia amelelewa na bibi yake, angekosaje kujua? Nyumbani wanakula mara kwa mara, na mchunga upo nyuma ya choo umejaa, hauhitaji hata kumwagiliwa.

"Sasa hapa mbona hupiki?"

"Nani atakula?"

"Mimi."

"Wewe mmoja, baba. Nikune nazi, niagize ng'onda Muheza, niroweke usiku, halafu alfajiri wewe umeshashuka na basi. Ng'onda nitamla na nani? Hawa?" Akawaelekezea kidevu vijana wa pikipiki, ambao walikataa kwa pamoja.

Mpwa wangu, ambaye muda wote alikuwa na karatasi mkononi, akaona hapo pana biashara. Wageni wake wanatoa taarifa siku mbili kabla, alisema. Akijua idadi, anaweza kumpigia simu mapema. Bada, samaki wa nazi, mchunga, chai ya iliki, walipie kabla. Binti akaacha kufuta meza. Akauliza Wazungu wanakula mchunga? Nikamwambia nimewaona wakila, tena kwa mkono, kabla mama yake hajazaliwa. Hakuonekana kuniamini, lakini alichomoa simu akafungua kikokotoo.

Wakaanza kupanga bei, na mimi nikaachwa nje ya mazungumzo. Mpwa wangu aliandika chini ya pa kula: "Chipsi kila siku. Chakula cha asili kwa oda, kuanzia watu wanne." Nikasema wanne ni wengi, gari nyingine huwa na wawili, aandike watatu. Akaanza kufuta. Binti akamzuia mkono: wanne, akasema, na nauli ya ng'onda kutoka Muheza walipe wenyewe.